Wanaochaguliwa na wanaoachwa: michezo na tuisheni zinavyomjenga kijana wa Dodoma

Saa kumi jioni, ukipita Chang'ombe, Nkuhungu au Ihumwa, utakuta mambo mawili yakienda kwa pamoja. Uwanjani kuna vumbi, filimbi na watoto hamsini wanaogombea mpira mmoja. Mita chache pembeni, kwenye darasa au banda la bati, watoto wengine hamsini wananakili ubaoni maswali ya mtihani wa mwaka uliopita. Mzazi anayechangia kimojawapo huamini analipia malezi. Mara nyingi analipia mchujo.

Kuchuja si dhambi. Timu ya mkoa haiwezi kubeba watoto wote, na kidato cha tano hakina nafasi ya kila aliyemaliza cha nne. Tatizo huanza pale programu nzima, tangu Januari, inapoendeshwa kama maandalizi ya mchujo halafu ikaitwa programu ya vijana. Ndiyo maana programu mbili zenye mipira ileile na vitabu vilevile zinaweza kutoa vijana wasiofanana hata kidogo.

Ngazi ya michezo na hesabu ya alama

Michezo ya shule ina ngazi inayojulikana: UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari. Shule hushindana ndani ya kata, kata ndani ya wilaya, halmashauri ndani ya mkoa, kisha mikoa hukutana kitaifa, kwa kawaida katikati ya mwaka. Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa Mji na Kondoa Wilaya. Tuchukue mfano wa kikosi cha soka cha wachezaji 16. Halmashauri nane zinaleta watoto 128, timu ya mkoa inaondoka na 16. Wale 112 wanarudi makwao wiki hiyohiyo, na nyuma yao wako mamia waliokatwa kwenye kata. Shuleni mipira inarudi stoo mpaka mwakani, maana mwalimu wa michezo naye ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha.

Kwa mtoto aliyeishia kwenye kata, michezo ya mwaka mzima inaweza kuwa ni wiki tatu tu. Na wiki hizo huangukia Mei, wakati vijiji vingi vya Dodoma vinavuna mtama na uwele. Mtoto wa mkulima asiyefika mazoezini siku mbili za majaribio anaandikwa kuwa hana nia. Kumbe yuko shambani.

Upande wa masomo mchujo umejificha kwenye alama. Katika mtihani wa kidato cha nne, A ni 75 hadi 100 na ina pointi 1. B ni 65 hadi 74, pointi 2. C ni 45 hadi 64, pointi 3. D ni 30 hadi 44, pointi 4. Chini ya 30 ni F, pointi 5. Yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33. Ili kufikiriwa kwenda kidato cha tano shule ya serikali, mwanafunzi anahitaji walau C tatu na jumla isiyozidi pointi 25. Sasa mpigie hesabu mwenye C tatu na D nne: tisa na kumi na sita, jumla 25. Amepita kwa tundu la sindano. D moja ikiteleza ikawa F, ana 26 na safari imeishia hapo.

Mwalimu wa tuisheni anayeijua kazi yake anaijua hesabu hiyo kichwani. Mwenye 42 ya Jiografia akipanda hadi 46 ameokoa pointi nzima. Mwenye 12 akipanda hadi 25 amejifunza kuliko yule, mara tatu, lakini karatasi ya matokeo bado inasema F. Kwa hiyo nguvu zote zinakwenda kwa walio ukingoni, wanaohitaji alama nne tano. Kwa shule inayopimwa kwa madaraja, uamuzi huo una mantiki. Kwa mwenye 12 maana yake ni kwamba atatoa mchango uleule, akae dawati la nyuma na kunakili majibu ya maswali asiyoyaelewa. Jambo hilohilo linatokea ngazi za chini: tuisheni zinajaa darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne, yaani kwenye madarasa ya mtihani, wakati shimo la huyo mtoto lilichimbika darasa la pili.

Kwa nini mchujo wa mapema hukosea

Kwenye michezo sababu ya kwanza ni kalenda. Watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja Januari na mwenzake Desemba, wanaingia kundi moja la umri ingawa wamepishana karibu miezi 12. Kwa mtoto wa miaka 12 huo ni mwaka mzima wa kukua, yaani sentimita tano, sita, na akiwa amebalehe ni zaidi. Watafiti waliligundua hili kwenye mpira wa magongo wa barafu nchini Kanada miaka ya 1980: vikosi vya vijana vilijaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Baadaye likaonekana kwenye soka pia. Ongeza na tofauti ya kubalehe: wavulana wawili wa miaka 13 wanaweza kupishana kimwili kwa miaka miwili au mitatu. Kocha anaona mmoja anapiga mpira mbali na anashinda mbio, anasema ana kipaji. Alichokiona ni ndevu zinazotaka kuota.

Kwetu kuna la ziada: karatasi za umri. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, anaandikishwa kwa kukadiria, na wapo wanaopunguziwa miaka makusudi. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kinaangalia kama ncha ya mfupa wa mkono imeshaungana kabisa, jambo ambalo kwa kawaida halijatimia kabla ya umri huo. Serengeti Boys wenyewe, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walipata tiketi ya fainali za Afrika nchini Gabon mwaka 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wake. Kudanganya umri kunamnyima mtoto halali nafasi, na kunamharibia hata aliyedanganyiwa: amezoea kushinda kwa mwili, akifika miaka 19 wenzake wamemkuta kimo na yeye hakujifunza kupokea mpira.

Sababu ya pili ni kwamba michezo mingine haionyeshi mtu wake mapema. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025 akiwa na miaka 33, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Hakuna mbio za mita 100 za shule ya msingi zitakazokuonyesha kitu kama hicho kwa mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo programu ya umri wa miaka 8 hadi 15 isikate mtu. Inagawa makundi kwa ukubwa wa mwili na uzoefu, inazungusha nafasi uwanjani (kipa wa leo kesho awe winga), na kila mtoto anacheza walau nusu ya mchezo. Vifaa vyenyewe ni vichache. Watoto 40 unawagawa viwanja vitano vya wanne kwa wanne, kila kimoja mita 25 kwa 15, ukichora mistari kwa majivu au kupanga mawe. Mageti ya mita mbili, bila kipa. Mipira mitano inatosha: namba 4 kwa wa miaka 8 hadi 12, namba 5 kwa wakubwa. Ukiwapanga watoto hao 40 kwenye uwanja mkubwa na mpira mmoja, watano wenye nguvu watacheza na 35 watakimbia vumbini. Kuna makocha wanaoona viwanja vidogo si mpira wa kweli. Wakae pembeni dakika kumi wahesabu kila mtoto ameugusa mpira mara ngapi, halafu tuzungumze.

Masomo ya ziada yanayofanya kazi

Masomo ya ziada huleta mabadiliko yakitimiza mambo manne: yawe mara tatu au zaidi kwa wiki, kila mara dakika 30 hadi 60, kundi liwe dogo, na mwalimu awe yuleyule. Saa nne za Jumamosi moja hazilingani na dakika 40 za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hata kama jumla ya saa ni kubwa zaidi. Mtoto husahau. Anahitaji kukutana na jambo lilelile kabla halijafutika.

Kundi la watoto wanne kwa mwalimu mmoja ni anasa kwa kata nyingi. Njia iliyozoeleka pale walimu ni wachache ni kugawa watoto kwa kile wanachokiweza, bila kujali wako darasa la ngapi. Shirika la Pratham la India limeifanya hivyo kwa miaka mingi, na shirika la Uwezo, linalopima kusoma na kuhesabu kwa watoto hapa nchini, linatumia vipimo vinavyofanana na vyake. Hakuna haja ya mtihani wa maandishi. Kaa na mtoto mmoja mmoja, dakika tano, mkiwa na karatasi moja yenye silabi kumi, maneno kumi, aya fupi ya sentensi nne na hadithi ya nusu ukurasa.

Anza na aya. Akiisoma kwa mtiririko na makosa yasiyozidi matatu, mpe hadithi na maswali mawili ya kuielewa. Akikwama, shuka kwenye maneno: achague matano, akipata manne yuko ngazi ya maneno. Akishindwa, shuka silabi. Andika ngazi mbele ya jina lake, nenda kwa mwingine. Usishangae kumkuta wa darasa la sita kwenye maneno, na usiseme kwa sauti.

Hesabu pia zina dirisha lake. Mpe 52 kutoa 17. Anayeandika 45 hajakosea kwa uzembe: amechukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa kila safu, mbili kutoka saba, moja kutoka tano. Haelewi makumi na mamoja. Kumrudishia swali lilelile mara ishirini hakutamsaidia. Mpe mabua ya mtama: mafungu matano ya kumi kumi na mabua mawili ya peke yake. Mwambie atoe 17. Atatoa fungu moja, atafika kwenye saba, ataona ana mawili tu mkononi. Hapo atalazimika kufungua fungu mwenyewe. Atabaki na mafungu matatu na mabua matano. Akishafungua mafungu kwa mikono yake siku tatu nne, ndipo umwonyeshe kuandika kukopa. Wengi wanaanzia kwenye kuandika, na ndiyo maana mtoto anafika kidato cha kwanza akikopa mahali pasipo na deni.

Pima upya kila baada ya wiki nne hadi sita na uhamishe watoto. Makundi yasipohama yanageuka kuwa jina la kudumu, na mtoto wa kundi la silabi atajua anaitwaje kabla hujamwambia.

Lipo pengo moja la mwaka ambalo karibu kila mtu analiacha. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Miezi minne hivi mtoto hana shule. Wenye pesa wanampeleka Pre-Form One, masomo ya kulipia ya kujiandaa na kidato cha kwanza, ambako mara nyingi anakaririshwa maana za Fizikia na Baiolojia kwa Kiingereza. Wasio nazo, binti anapelekwa kazi za ndani mjini au Dar es Salaam na kijana anakwenda kuchunga au kubeba zege. Wengine hawarudi hata majina yao yakitoka. Kwa programu ya kata, hii ndiyo miezi yenye thamani kubwa kuliko Juni yote ya mashindano. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili na anakwenda kufundishwa kwa Kiingereza. Anachohitaji ni kusoma kwa sauti kila siku, maneno ya kawaida ya darasani, na maneno ya maswali ya mtihani: eleza, orodhesha, linganisha, toa sababu. Mada za kidato cha kwanza zitamkuta shuleni. Na kwa kuwa jina lake linaitwa kwenye daftari la mahudhurio mara tatu kwa wiki, kuna mtu mzima atakayeuliza Alhamisi kwa nini hakuonekana Jumatano.

Jioni moja, dakika kwa dakika

Kwa Dodoma ratiba inaamuliwa na jua. Linazama kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 hivi, kutegemea mwezi, na watoto wanapaswa kuwa njiani kabla ya hapo. Saa kumi kamili uji na mahudhurio, dakika 15. Saa 10:15 hadi 10:55 masomo, kila kundi na mtu wake. Dakika tano za maji. Saa 11:00 hadi 11:20 kupasha mwili, kisha michezo mpaka saa 12:00, mipira ikusanywe, watu waende.

Masomo yanatangulia kwa sababu tatu za kawaida kabisa: mwanga bado upo, joto la uwanjani linakuwa limepungua likifika saa kumi na moja, na mtoto aliyekwisha kucheza hakai. Kupasha mwili kusirukwe. Kwa walio na miaka 14 na kuendelea kuna programu ya FIFA 11+, mazoezi 15 ya dakika 20 hivi yasiyohitaji kifaa zaidi ya mpira na alama za chini. Timu zinazoifanya walau mara mbili kwa wiki zimeonyesha kupungua kwa majeraha kwa theluthi hivi au zaidi. Mtoto wa miaka 11 hadi 15 anayelalamika maumivu kwenye mfupa chini kidogo ya goti, yanayozidi akiruka au kupiga mpira, asiambiwe avumilie. Mara nyingi ni mifupa inakua haraka kuliko misuli. Punguza kuruka na mbio kwa wiki kadhaa. Akivimba sana au akichechemea, apelekwe zahanati.

Uji wa watoto 40: unga kilo mbili wa uwele, mtama au ulezi, maji lita 16, sukari gramu 600, chumvi kidogo. Koroga unga kwanza kwenye lita tatu za maji ya baridi usifanye mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga hadi utokote vizuri. Kila mtoto anapata mililita 400 hivi. Ukitaka kuongeza karanga au mahindi, kagua punje moja moja na utupe zenye ukungu au zilizosinyaa: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi. Maji ya kunywa ni nusu lita kwa kila mtoto, yaani ndoo moja ya lita 20 yenye koki. Programu inayoanza bila uji kwa watoto waliokula mara ya mwisho asubuhi inafundisha njaa.

Kuna sheria moja inayopendwa sana na ambayo tungeifuta leo: asiyemaliza hesabu hachezi. Inaonekana kama nidhamu. Inachofanya ni kumtoa uwanjani yule ambaye uwanja ndio sababu pekee ya yeye kuja, na baada ya wiki mbili haji kabisa, wala hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, na muda huo hauonekani kushusha masomo. Mpira usiwe zawadi wala adhabu. Uwe sehemu ya ratiba.

Nani hayupo kwenye daftari

Daftari la mahudhurio ndicho chombo cha maana kuliko vyote, na ndicho kinachojazwa ovyo. Lisiishie kwenye alama ya vema. Liwe na safu ya sababu: shamba, kuchunga, kuugua, kazi za nyumbani, kahama. Baada ya miezi mitatu litakuonyesha sura. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Utaona Januari watoto wanapungua kwa kulima, na Machi wanapungua tena kwa kuwinga ndege kwenye uwele na mtama. Hapo usilaumu wazazi. Punguza siku kutoka nne hadi mbili, peleka kipindi kimoja Jumapili mchana, na uongeze siku baada ya mavuno.

Wasichana watapungua kwa sababu nyingine. Saa kumi ndiyo saa ya kuchota maji na kuwasha moto. Programu inayotangaza netiboli saa kumi na kusikitika kwamba wasichana hawajitokezi haijauliza. Mara nyingi Jumamosi asubuhi inafaa zaidi, na mama akielezwa saa ya kumaliza, akaona inaheshimiwa, anaruhusu. Choo chenye mlango unaofungika kwa ndani, maji, na taulo za kike zinazotunzwa na mwalimu wa kike bila mtu kuandikisha jina: bila hivyo binti atakosa siku nne tano kila mwezi, na kwenye mchujo atasemwa hana mahudhurio. Aliyejifungua naye ana haki ya kurudi shule tangu waraka wa serikali wa Novemba 2021; kundi la masomo ya jioni linaweza kuwa mlango wake wa kurudia kabla ya kuvaa sare tena.

Ahadi, usalama na karatasi

Usimuahidi mtoto Ligi Kuu. Ina timu 16. Hata kila moja ikisajili wachezaji 30, nafasi hazifiki 500 nchi nzima, na timu moja inaweza kuwa na wageni hadi 12. Mwambie ukweli huo mapema, mbele ya mzazi wake, kisha mwonyeshe kazi nyingine zilizo kando ya mstari: urefa, ukocha, uuguzi wa michezo, kutunza kumbukumbu za mchezo.

Usalama hauhitaji maneno mengi ila unahitaji kanuni zisizo na msamaha. Watu wazima wawili kila kipindi. Hakuna tuisheni ya mtoto mmoja nyumbani kwa mwalimu, wala mwalimu kumpakia mtoto mmoja kwenye bodaboda. Safari ya mashindano ina kibali cha mzazi kilichosainiwa na mwanamke mmoja kwenye msafara wenye wasichana. Namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya afisa ustawi wa jamii na ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kocha anayeona kanuni hizi zinamdhalilisha, mwache aende.

Karatasi zinadharauliwa mpaka siku ya pesa. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea kati ya msimu aliotimiza miaka 12 na ule wa miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote. Kila msimu wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Klabu ya mtaani iliyomlea mtoto tangu 12 hadi 15 ina misimu minne, yaani asilimia moja: kwa ada ya dola 100,000 ni dola 1,000, mipira ya miaka kadhaa. Lakini inalipwa klabu iliyosajiliwa chini ya shirikisho na iliyomsajili mchezaji kwa jina lake. Kituo kisichosajiliwa, hata kama kilimlea kwa uji wake, hakipati kitu. Kwa hiyo anzia kwa afisa michezo wa halmashauri na chama cha soka cha wilaya, sajili klabu, sajili kila mtoto kila msimu, na tunza nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Linabaki suala la nani atafundisha. Dodoma ina bahati ya vyuo: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, na vingine mjini vina wanafunzi wengi wa ualimu wanaotafuta pa kufanyia mazoezi. Programu nyingi za kujitolea zinasimama juu yao, na nyingi huanguka hapohapo, maana likizo ndefu inaanza Julai au Agosti na masomo yanarudi Oktoba au Novemba. Huo ndio wakati wa mtihani wa la saba na mwanzo wa lile pengo la miezi minne. Suluhisho ni kuoanisha kila mwanachuo na mtu anayeishi kwenye kata: mhitimu wa kidato cha nne au cha sita, mwalimu mstaafu, mama anayesoma vizuri. Wote wawili wanajifunza kupima ngazi na kutumia mabua. Kila mtoto ana ukurasa wake kwenye daftari: ngazi aliyopo, kosa analolirudia, kitu kinachofuata, tarehe ya kupimwa tena. Mwanachuo akipanda basi Julai, mwenzake anafungua ukurasa huo Jumatatu na kuendelea na mtoto pale alipoachwa, kwenye maneno, au kwenye 52 kutoa 17.